Siku nne kando ya ziwa Kisale

Tangu likizo kubwa iishe, kila tunapokutana sokoni, kisimani au mlangoni mwa shule, swali ni lile lile: "Ninyi walimu, mlienda kutafuta nini kule porini?" Wengine huuliza wakicheka. Wengine huuliza kwa uchungu kidogo, kwa sababu pesa ni pesa, na watoto wetu wote wanangoja madaftari. Kuna pia swali la pili, ambalo mnaliuliza kwa sauti ya chini: "Na yule mwenzenu aliyerudi amekonda, alipatwa na nini?" Juma hili tunajibu yote mawili. Mwenzetu mwenyewe ametupa ruhusa, mradi tusitaje jina lake. Alituambia, "Andikeni yote, ili mama mwingine asifanye kama mimi."

Wazo lilizaliwa darasani. Mmoja wetu alikuwa anachora ubaoni ramani ya jimbo letu la Haut-Lomami. Alipitisha mto Lualaba kwa chaki ya buluu, akaweka ziwa Upemba, akaweka ziwa Kisale, akaandika Bukama na Kikondja. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, wewe uliyaona?" Mwalimu akajibu kwamba hapana. Mtoto akasema "Ah," akaendelea kunakili. Ile "ah" ilitufuata mpaka chumba cha walimu. Tumesoma, tuna diploma, tunaweza kuwatajia watoto mito ya Ulaya bila kufungua kitabu. Lakini maziwa ya jimbo letu wenyewe, ambayo samaki wake tunawapika kila juma, hatukuwa tumeyaona.

Tukaanza kuhesabu safari zetu. Mama wa Kamina anaijua treni, maana mji wetu ni njia panda ya reli: huku Lubumbashi, huku Ilebo, huku Kabalo. Tumepanda treni kwenda kwenye kilio, kwenye ndoa, kwenye biashara, na kumpeleka mgonjwa hospitali. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ili kwenda kuangalia tu.

Wageni waliangalia kabla yetu. Hifadhi ya Upemba, jirani na maziwa haya, iliundwa mwaka 1939. Kuanzia 1946 hadi 1949, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Gaston-François de Witte, aliongoza kundi lililoizunguka hifadhi hiyo likikusanya vyura, nyoka, samaki, wadudu na mimea. Vitabu vingi vilichapishwa kutokana na kazi hiyo. Miaka mitatu kwa ajili ya vyura vyetu! Sisi tuliomba siku nne tu.

Tulianzisha likelemba ya safari. Tulikuwa wanawake tisa: walimu watano, washonaji wawili, mama mmoja muuza unga na mama mzee mmoja ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chetu. Kila Jumamosi kila mtu alitoa franga 5,000. Baada ya Jumamosi 26 kila mmoja alikuwa na franga 130,000. Wa tisa alikatazwa na bwana yake siku mbili kabla ya kuondoka. Tulimrudishia pesa zake zote. Hatuandiki haya ili kumcheka yeye wala bwana yake. Tunaandika kwa sababu nafasi yake tuliiona kila usiku: hema nne za watu wawili wawili, na yeye alikuwa amepangwa kulala mlangoni mwa hema la mama mzee.

Hema tuliziazima kwa maskauti. Tulibeba unga wa bukari, mchele, haragwe, mafuta, chumvi, sukari, sabuni nyingi, mbabula moja na gunia la makala. Tulibeba vyandarua, taa mbili za jua, na bidoni tatu za lita 20 zenye maji tuliyoyachemsha nyumbani. Kumbukeni hizo bidoni, maana ndizo zilizotuletea shida. Watoto tuliwaacha kwa bibi zao na kwa majirani, kila mmoja na karatasi ya majina na dawa. Na kabla ya kukata tiketi, mwalimu mwenzetu anayeishi Kikondja alituulizia kwa wakubwa wa huko kama njia ina usalama, akapeleka salamu zetu kwa chifu. Porini hakuna mtu anayeingia kama mwizi.

Tuliondoka Kamina usiku. Huko Bukama tuliteremka na mizigo yetu, na alfajiri ya siku iliyofuata tukapanda baleniere, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota. Bukama ndipo Lualaba inapoanza kubeba mashua kwa mwendo mrefu, mpaka Kongolo. Tulikuwa tumefundisha hivyo mara nyingi. Lakini ni jambo jingine kukaa juu ya magunia ya chumvi ya watu na kuona mto huo huo, ambao mbele utapita Kindu, utaitwa Kongo huko Kisangani, utafika Kinshasa na kuingia baharini, ukipita polepole kati ya matete marefu kuliko nyumba. Mchana kutwa tuliona ndege wa kila rangi, wavuvi na nyavu zao, na wanawake wakianika samaki. Tulipokaribia Kisale tuliona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekifundisha: visiwa vya matete vinavyoelea juu ya maji, na watu wamejenga vibanda juu yake. Mtoto mdogo alikuwa amesimama mbele ya kibanda akitupungia mkono. Mama muuza unga akasema, "Na sisi tunalalamika kwamba uwanja wetu una matope!"

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipofika. Kiongozi wetu, kijana wa huko, alituchagulia mahali pa juu, mbali na ukingo wa ziwa, akatupa sheria tatu. Ya kwanza: usiku mtu yeyote asishuke majini, kwa sababu kiboko hutoka usiku kula majani, na hapendi kukutwa njiani. Ya pili: anayekwenda chooni usiku asiende peke yake. Choo chenyewe tulikuwa tumekichimba nyuma ya hema, mbali na maji. Ya tatu: hakuna maji ya ziwa wala ya mto yanayoingia kinywani bila kuchemka. "Huku kolera siyo mgeni," alisema. Tuliitika wote kama darasa. Mama mzee alihesabu vichwa: nane. Tukala bukari na samaki wabichi, tukalala tukisikia maji.

Siku ya pili tulikwenda Sanga kwa mtumbwi. Huko Sanga hakuna jumba la kuingia kwa tiketi. Ni kijiji, watu wanapika, kuku wanatembea. Lakini chini ya miguu yao kuna makaburi ya zamani sana. Wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958, kisha tena katika miaka ya 1970, wakafungua makaburi zaidi ya 100. Ya zamani zaidi ni ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walikuta vyungu vya kupendeza, vyuma, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyokuwa kama pesa. Walikuta hata kauri, zile konokono za bahari ya Hindi. Watoto wetu wanapoambiwa kwamba historia yetu ilianza na treni ya Wabelgiji, wajue kwamba watu wa hapa walikuwa wanafua chuma na kufanya biashara ya mbali karne nyingi kabla.

Jambo moja lilitunyamazisha. Wataalamu waliona kwamba katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, kwa kadiri ya umri wa mtoto. Mtoto mdogo, vyungu vidogo. Mtu alikaa chini akafinyanga chungu cha kuenea mikono ya mtoto aliyekufa. Mama mmoja wetu aliyezika mtoto miaka miwili iliyopita alikaa juu ya gogo, nasi tukakaa naye. Hatukusema mengi. Baadaye tulipiga picha ya pamoja chini ya mti.

Picha hiyo tunayo. Tukiitazama sasa tunaona alichokuwa anaficha mwenzetu, mwalimu wa darasa la tano. Sisi sote tumesimama. Yeye ameshika mti kwa mkono mmoja, na anacheka.

Usiku huo aliyelala naye aliamka akaona mahali pake pako wazi. Alitoka na taa, akaenda chooni, hakumkuta. Alimkuta kwenye kijia kinachoshuka ziwani, peke yake, gizani, ameinama, ana kikwembe kichafu mkononi. Alikuwa anakwenda kukifua kabla watu hawajaamka. Akamwuliza, "Yaya, uko sawa?" Akajibiwa, "Niko sawa. Rudi ulale." Sauti yenyewe ilikuwa imekauka. Alipommulika usoni aliona macho yameingia ndani. Ilikuwa mara ya saba kutoka usiku ule.

Hapo tukaamshana wote. Mama mzee aliwasha mbabula. Tulichemsha maji, tukayapoza, tukapima kama tunavyofundisha katika mikutano yetu: lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tulimnywesha kidogo kidogo, na kila alipotoka tukampa kikombe kingine. Alipotapika tulingoja kidogo, tukaanza tena. Wawili walimfulia, wakanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Wawili walikaa naye wakimwita jina lake asilale. Tulikuwa na hofu, hatutaficha. Tulikuwa mbali na nyumbani, na mtumbwi haukuweza kuondoka kabla ya mwanga. Mmoja wetu alilia akisema, "Tutawaambia nini watoto wake? Kwamba mama yenu alikwenda kutembea?"

Kulipopambazuka tulimpeleka Kikondja, kwenye kituo cha afya. Walimwekea maji ya mshipani mara moja. Muuguzi hakutuambia kwamba ni kolera. Alituambia, "Mtu anayehara maji matupu, usingoje kujua ugonjwa unaitwaje. Mpe maji ya chumvi na sukari njiani, na uje." Kisha akamwuliza mgonjwa kuharisha kulianza lini. Tulitegemea aseme usiku. Akasema, "Jana asubuhi."

Jana asubuhi! Yaani kabla ya Sanga. Alipanda mtumbwi akiwa mgonjwa, alitembea kijijini akiwa mgonjwa, alicheka katika picha akiwa mgonjwa. Na alipoulizwa alikunywa nini, akasema ukweli. Kwenye baleniere chupa yake ndogo ilikwisha kabla ya saa sita mchana. Bidoni zetu zilikuwa chini ya magunia ya abiria wengine. Aliona haya kuomba watu wasimame na kuhamisha mizigo kwa ajili yake peke yake. Akateremsha kikombe mtoni. Yeye, ambaye kila mwaka anafundisha somo la maji safi.

Jioni alipoanza kukaa tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Sikutaka kuwaharibia safari."

Mama zetu, hilo ndilo tulilokwenda kulitafuta porini bila kujua. Maneno hayo tunayajua. Ndiyo maneno tunayoyasema nyumbani kila siku. Mama ana homa, anasema niko sawa, anasonga bukari. Mama anavuja damu, anasema niko sawa, anakwenda shambani. Tunaogopa kuharibu siku ya wengine. Nyumbani kuna milango, kuna kelele, kuna kazi. Mtu anaweza kujificha miezi. Katika kundi la watu wanane, wanaolala wawili wawili na kula sahani moja, hawezi kujificha hata siku mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulimfichua mwenzetu kabla ya kilio, na tunamshukuru Mungu, lakini ilibaki kidogo.

Usiku ule wa tatu, tukiwa tumeketi nje ya kituo, mama mzee alisema, "Sasa kila mtu aseme neno moja analoficha." Tulidhani watu watanyamaza. Hawakunyamaza. Mmoja alisema deni. Mmoja alisema kwamba halali usiku tangu mwaka jana. Mmoja wa washonaji alisema kwamba ana uvimbe mdogo kwenye titi tangu Pasaka na hajamwambia mtu, hata bwana yake. Naye ametupa ruhusa kuandika. Tulirudi Kamina siku ya Alhamisi; Jumatatu watatu wetu walimsindikiza hospitali. Amepimwa. Majibu bado, na tunayangoja pamoja naye.

Basi, je, safari ilistahili franga 130,000? Tumebishana sana juu ya hilo. Mwalimu wa darasa la tano mwenyewe anasema ndiyo, na yeye ndiye aliyelipa kuliko wote. Sisi tunasema ndiyo pia, lakini tunawaambia wazi: tulifanya makosa, na kundi lingine lisiyarudie. Kwa vikundi vinavyotaka kwenda mwakani, tumeandika haya:

Nendeni wachache. Watu nane ni wengi vya kutosha. Mnaweza kuhesabiana gizani. Nendeni katika miezi ya jua, kabla mvua hazijarudi. Ulizeni habari za usalama kwa watu wanaoishi huko, siyo kwa wanaosimulia, na wakisema msije, msiende; maziwa yatabaki pale pale.

Kila mtu abebe maji yake mwenyewe mahali anapoweza kuyafikia kwa mkono, lita tatu kwa siku ya mashua. Bidoni kubwa iwe juu ya mizigo, siyo chini. Pakiti ya sukari na ya chumvi zikae katika mfuko wao, na kijiko chake. Msizipikie.

Wawekeni watu wawili wawili tangu nyumbani. Kila asubuhi na kila jioni, kila mmoja amwulize mwenzake maswali matatu: umekunywa nini, umetoka mara ngapi, unaumwa wapi? Na jibu "niko sawa" lisikubaliwe. Anayeulizwa ajibu kwa hesabu.

Wekeni akiba ya kurudi ambayo haiguswi. Pesa za mtumbwi wa alfajiri ile zilitoka katika akiba hiyo. Bila hiyo tungekuwa tunapatana bei huku mtu anakauka.

Na yule ambaye hakuruhusiwa, mrudishieni pesa zake, kisha mkirudi nendeni kumsimulia kwanza yeye. Sisi tulifanya hivyo. Bwana yake alikaa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi juu ya visiwa vinavyoelea. Hakusema kitu kingine. Tunangoja.

Jumatatu ya kwanza ya masomo mwalimu wa darasa la tano alichora tena ramani. Yule mtoto amepanda darasa la sita, lakini alimwita mlangoni amwangalie. Alichora Lualaba kwa buluu, akachora Kisale, kisha katikati ya ziwa akachora kisiwa kidogo na kibanda juu yake na mtoto anayepunga mkono. "Hiki niliona," akamwambia. Mtoto akauliza, "Kisiwa kinaelea, mwalimu? Hakizami?" Somo lilichelewa kuanza siku hiyo.

Jumamosi saa tisa mchana tutakutana mahali petu pa kawaida kwa ajili ya kikundi. Likelemba mpya ya safari inaanza siku hiyo. Anayekuja ajiandae: mlangoni mama mzee atamwuliza yale maswali matatu. Hadi juma lijalo.